Gemu kongwe, mikono mipya

Ebu toa simu yako mfukoni. Kama wewe ni kijana unayependa mpira, uwe Nairobi, Thika, Kisumu ama Mombasa, huenda mle ndani kuna gemu ya PES unayoicheza kupitia PPSSPP. Vikosi ni vya msimu huu, jezi ni za msimu huu, na mtangazaji ni Peter Drury na ile sauti yake inayofanya hata bao la kubahatisha lionekane kama historia. Jana umemfunga jirani yako mabao matatu mkiwa kwenye matatu mkitoka tao, na mpaka leo jamaa anasema simu yake ilikwama.

Sasa nikuulize swali moja. Hiyo gemu umetengenezewa na nani?

Si Sony. Ile PSP, kidude cha mkononi ambacho gemu hiyo iliandikiwa, Sony iliacha kuisambaza madukani mwaka wa 2014. Wala si Konami, wenye PES yao. Hao walishahamia eFootball kitambo. PPSSPP yenyewe, programu inayoifanya simu yako ijifanye PSP, ilitoka mwaka wa 2012 mikononi mwa mwanaprogramu anayeitwa Henrik Rydgård, na tangu hapo watu wengi wameichangia. Na hivyo vikosi vipya, jezi na sauti ya Drury? Hiyo ni kazi ya shabiki. Hana ofisi wala halipwi mshahara kwa kazi hiyo. Aliketi usiku, akafungua mafaili ya gemu ya miaka kumi na zaidi, akamtoa mchezaji aliyestaafu na kumweka chipukizi wa juzi.

Mimi kazi hiyo naiita kutia viraka. Nguo imechakaa, mwenyewe ameitupa, fundi wa mtaa anaiokota, anaishona na inavaliwa tena. Wachezaji wa gemu duniani kote huita kitu kama hicho modi: nyongeza ama mabadiliko yanayofanywa na mashabiki kwenye gemu ya mtu mwingine. Leo nataka tuongee kuhusu modi na gemu kongwe, kwa sababu kuna jambo ndani yake linalotuhusu mimi na wewe kuliko unavyodhani.

Injini ni yao, bodi ni yetu

Turudi hadi tarehe 10 Desemba 1993. Siku hiyo kampuni ndogo ya Marekani, id Software, ilitoa gemu ya kupiga risasi iliyoitwa Doom. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mimi pia sikuwa nimezaliwa.

Mwaka mmoja kabla yake, kampuni hiyo ilikuwa imetoa Wolfenstein 3D, na mashabiki wakaanza kuifungua kwa nguvu ili wabadilishe ramani na picha. Kampuni nyingine ingeita mawakili. John Carmack, aliyekuwa bingwa wao wa kuandika programu, alifanya kinyume. Alipotengeneza Doom aliitenga injini ya gemu na vitu vyake vya ndani. Ramani, picha na sauti zote zikawekwa kwenye faili la pembeni linaloitwa WAD. Ukitaka kubadilisha gemu, huhitaji kugusa injini. Unaleta WAD yako, unaipachika, unacheza.

Kama hilo halijakuingia, fikiria matatu. Injini na chesisi vinatoka kiwandani na jina la Isuzu. Lakini bodi inaundwa na mafundi wetu, michoro ya ubavuni ni ya msanii wa mtaa, na muziki ni wa dereva na makanga wake. Isuzu haijui lolote kuhusu zile taa za buluu na spika za chini ya viti. Lakini bila hizo, hiyo gari ungeipenda? Doom ilikuwa chesisi. Dunia ikaleta bodi.

Na ilileta kweli kweli. Kundi moja la mashabiki waliojuana kupitia intaneti lilitengeneza ramani 32 zilizopewa jina TNT: Evilution. Walitaka kuzitoa bure mwaka wa 1995. id Software ikaziona, ikazinunua, na mwaka wa 1996 zikauzwa madukani ndani ya Final Doom. Mwaka wa 1997 kampuni ikafanya jambo kubwa zaidi: ikaachilia msimbo wa injini yenyewe hadharani. Ndiyo maana leo Doom inachezwa kwenye karibu kila kitu chenye kioo. Mwaka wa 2019, John Romero, mmoja wa waliounda Doom, naye alitoa ramani tisa mpya kwa jina Sigil. Yaani mzee mwenyewe alirudi kucheza kama shabiki, zaidi ya miaka 25 baada ya kuizindua gemu yake.

Wanafunzi waliogeuka walimu

Sasa sogea mbele hadi 1998. Kampuni ya Valve ilitoa Half-Life, ambayo injini yake ilijengwa juu ya ile ya Quake, gemu nyingine ya id Software. Mwaka uliofuata, kijana Minh Le, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Canada, alishirikiana na mwenzake Jess Cliffe wakaichukua Half-Life na kuigeuza. Wakatoa majini ya kutoka anga za mbali, wakaweka magaidi upande huu na polisi upande ule. Modi hiyo waliiita Counter-Strike.

Watu waliipenda hadi Valve ikanunua haki zake na kuwaajiri vijana hao. Mwaka wa 2000 ikaanza kuuzwa kama gemu kamili. Kama umewahi kukaa kwenye saiba yoyote yenye kompyuta zaidi ya tano, umesikia mtu akipiga kelele kwa sababu ya Counter-Strike. Sasa ujue kwamba mwanzo wake ulikuwa kiraka cha mwanafunzi.

Halafu kuna hadithi ya Warcraft III, gemu ya vita ya kampuni ya Blizzard iliyotoka mwaka wa 2002. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuchorea ramani. Mwaka wa 2003 shabiki aliyejiita Eul alikitumia kutengeneza ramani ambapo kila mchezaji anaongoza shujaa mmoja tu badala ya jeshi zima. Jina lake DotA. Eul alipoiacha, wengine waliipokea, akiwemo Steve Feak aliyejulikana kama Guinsoo, na baadaye mtu anayejiita IceFrog. Ilipokezwa kama kijiti kwenye mbio.

Kutoka kwa ramani hiyo moja ya bure zilizaliwa League of Legends ya mwaka wa 2009 na Dota 2 ya mwaka wa 2013. Mashindano makuu ya Dota 2 mwaka wa 2021 yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40. Soma tena hapo. Milioni 40, na mbegu yake ni ramani iliyochorwa na shabiki na kugawiwa bure.

Na Afrika je?

Hapa ndipo mambo yananigusa mwenyewe, kwa hivyo vumilia kidogo nikupeleke polepole.

Gemu niipendayo kuliko zote ni Age of Empires II. Ilitoka mwaka wa 1999. Unaanza na wanakijiji wachache, unakata miti, unachimba dhahabu, unajenga mji, halafu unapigana na majirani. Ilihitaji kompyuta yenye RAM ya megabaiti 32 tu, na hiyo ndiyo sababu ilikuwa ikikimbia hata kwenye zile mashine za saiba ambazo ukiziwasha unaenda kununua chapati kwanza, ukirudi ndiyo zinamalizia kufunguka.

Studio iliyoitengeneza, Ensemble, ilifungwa mwaka wa 2009. Kwa hesabu za kawaida gemu ingeishia hapo. Lakini mashabiki walikataa. Kundi moja lilijikusanya, kila mtu kwake nyumbani, na mwisho wa 2012 likatoa modi kubwa iliyoitwa Forgotten Empires iliyoongeza mataifa mapya matano. Microsoft, wenye haki za gemu hiyo, badala ya kuwafukuza iliwaita mezani. Mwaka wa 2013 modi yao ikageuzwa kuwa nyongeza rasmi, ya kwanza kwa miaka 13. Wale mashabiki wakawa ndio watengenezaji.

Na mwaka wa 2015 wakatoa African Kingdoms. Manze, nilipoona video zake sikuamini. Waethiopia wamo, na panga zao zilizopinda za shotel, na ukimbofya mwanakijiji wao anakujibu kwa Kiamhari. Wamali wamo, pamoja na hadithi ya Sundjata. Waberberi wamo. Gemu ambayo kwa miaka 16 haikuwa na dola hata moja ya kusini mwa Sahara, sasa ilikuwa nazo, na walioziingiza walianza kama mashabiki.

Lakini nyongeza hiyo ilikuwa na taifa la nne: Wareno. Na shujaa wa Wareno, mtu unayemwongoza kwenye safari yao, ni Francisco de Almeida.

Hilo jina unalijua? Kama ulilala kwenye somo la historia, nikuamshe. Mwaka wa 1505 Almeida alitoka Lisbon na msafara wa meli za kivita. Mwezi Julai aliiteka Kilwa. Mwezi Agosti akafika Mombasa. Watu wa Mombasa hawakumfungulia mlango. Walimpiga kwa mizinga, na Wareno walipoingia kwenye vichochoro vya mji, wenyeji waliwarushia mawe na mishale kutoka juu ya nyumba. Mwishowe mji ulichukuliwa, ukaporwa, ukachomwa moto.

Kwa hivyo katika nyongeza inayoitwa falme za Afrika, unaweza kuwa mtu aliyeichoma Mombasa. Lakini huwezi kuwa Mombasa.

Ramani yangu

Wakati huo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimejiunga na chuo kusomea teknolojia ya habari, na katika mwaka wa pili karo ikakataa. Sikuacha masomo kwa ushujaa, usije ukadanganywa na hadithi za matajiri wa Marekani walioacha chuo. Pesa ziliisha, basi. Nikawa nashinda kwenye saiba moja ya mtaa, nikiwasaidia watu kujaza fomu za serikali na kuchapisha vyeti, na jioni, wateja wakiisha, mwenye saiba ananiacha nitumie mashine ya pembeni.

Mashine hiyo ilikuwa na Age of Empires II ile ya kale. Na ndani ya kila nakala ya gemu hiyo, tangu 1999, kuna kihariri cha ramani. Kimekaa tu pale kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimekiona mara elfu moja na kukipita. Usiku ule nilikibofya.

Nikachora kisiwa. Nikachora bahari pande zote, nikaacha kivuko chembamba kuelekea bara. Nikapanda minazi. Majumba ya Waswahili hayamo, kwa hivyo niliazima ya Wasaraseni, maana yana kuba na kuta nyeupe zinazokaribiana na tunavyojua. Wareno hawamo kwenye nakala ile, nikaazima Wahispania na kuwapa jina la Almeida. Wapiga mishale hawawezi kusimama juu ya paa katika gemu hiyo, nikaweka minara midogo midogo kando ya vichochoro. Ukweli wenyewe ulikuwa wa kuazimwa, lakini ukitazama kwa jicho moja, ilikuwa Mombasa.

Mwenye saiba alikuwa na mjomba wake kutoka Kibokoni, Mji wa Kale, aliyekuja Nairobi kutibiwa macho. Jioni moja alivuta kiti akakaa nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wachora nini hapo?"

Nikamweleza. Akasogea karibu na kioo, akaangalia muda mrefu.

"Na hii ngome kubwa hapa ufukweni?"

"Hiyo ni Fort Jesus, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wampa Mreno nyumba kabla hajafika? Ngome hiyo waliijenga wao wenyewe, miaka mingi baadaye. Iondoe."

Nikaangalia. Kweli bwana, ujenzi wa Fort Jesus ulianza 1593, karibu miaka 90 baada ya Almeida. Nimezaliwa Kenya, nimesoma Kenya, na nilihitaji gemu ya Wamarekani na mzee mwenye miwani ya giza ili nijue hivyo. Nikaifuta ngome.

Kazi ngumu ilikuwa nyingine. Kihariri kile kina kitu kinaitwa triga, yaani kanuni: jambo fulani likitokea, lingine lifuate. Mreno akifika sokoni, minara ipewe watu. Mnara wa kusini ukianguka, moto uanze. Nilikaa wiki tatu nikipambana na hizo kanuni. Mwalimu wangu chuoni alikuwa amejaribu kunifundisha mantiki hiyo hiyo ubaoni muhula mzima na sikuelewa hata chembe. Kwenye ramani niliielewa, kwa sababu nikikosea, mji unaungua kabla meli hazijafika.

Swali kubwa lilikuwa: mchezaji anashindaje? Historia inasema Mombasa ilianguka. Nikiweka kwamba unaweza kumzamisha Almeida baharini, nitakuwa nimedanganya. Nikiweka kwamba ni lazima ushindwe, nani atacheza? Niliwaza siku kadhaa. Mwishowe niliweka hivi: huwezi kuuokoa mji, lakini ukiwavusha watu 40 hadi bara kabla ya moto kuufikia msikiti, umeshinda. Kwa sababu hilo pia ni kweli. Watu walikimbia, na mji ukaja kujengwa tena.

Mamangu alinipata siku moja nikiwa kwenye hiyo shughuli saa nne usiku. Akauliza lile swali ambalo hata wewe umewahi kuulizwa: "Hizo gemu utazila?" Sikuwa na jibu. Nitakwambia ukweli, ramani ile haijawahi kuniletea hata shilingi moja. Lakini kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, tovuti ya duka moja la nguo, niliifanya kwa sababu ubongo wangu ulikuwa umeshazoea "hili likitokea, lile lifuate". Mathe alikula hiyo.

Nani mwenye kiraka?

Sasa nikupe upande wa pili, maana sitaki uondoke hapa ukidhani ni raha tupu.

Ile DotA niliyokwambia ilizaa ugomvi. Valve ilimwajiri IceFrog na kuanza kutengeneza Dota 2. Blizzard ikasema jina lile limetoka kwenye gemu yake. Wakavutana, wakapatana mwaka wa 2012. Na Blizzard haikusahau: mwaka wa 2020 ilipoitoa upya Warcraft III kwa jina Reforged, masharti yake yalisema wazi kwamba ramani yoyote utakayoitengeneza humo ni mali ya kampuni. Wewe unachora, wao wanamiliki.

Kuna na ile ya GTA. Kundi la mashabiki lilichambua GTA III na Vice City kipande kwa kipande na kuandika upya msimbo wake ili gemu hizo zikimbie vizuri kwenye mashine za sasa. Mwaka wa 2021 kampuni mama, Take-Two, iliagiza msimbo huo uondolewe mtandaoni, kisha ikawapeleka waliouandika mahakamani.

Kwa hivyo hata zile PES zetu za PPSSPP, tuseme ukweli, zimesimama mahali pabaya kisheria. Gemu ina mwenyewe, jezi zina wenyewe, na Drury naye ana sauti yake. Kampuni nyingi hunyamaza tu. Lakini kunyamaza si kuruhusu.

Ramani yangu nayo ilipotea, na sikuhitaji mwanasheria kunipokonya. Nilifika saiba Jumatatu moja nikakuta mashine zote zimesafishwa na programu zimewekwa upya. Sikuwa na nakala. Wiki tatu za kazi, kisiwa, minara, kila kitu, zilikwenda hivyo. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyeibiwa simu.

Miezi minne baadaye, kijana wa darasa la nane aliyekuwa akija pale baada ya shule aliniambia, "Bro, ile gemu yako ya Mombasa iko kwa flashi yangu." Alikuwa ameinakili bila kuniuliza. Nikaifungua kwa haraka, mikono inatetemeka.

Ilikuwa yote. Na ilikuwa na zaidi. Jamaa alikuwa ameongeza jahazi jingine la kuvusha watu na kulipa jina "Feri ya Likoni". Ilikuwa ikisafiri polepole kupita kiasi, na kila ikifika ng'ambo ujumbe unatokea: "Samahani, feri imeharibika."

Kwanza nilikasirika. Aligusa kazi yangu bila ruhusa! Halafu nikakumbuka ninachofanya mimi kwa kazi ya Ensemble, kwa majumba ya Wasaraseni, kwa jina la Almeida. Nikacheka hadi mwenye saiba akaja kuangalia. Feri niliiacha mle ndani. Iko mpaka leo.

Anza hivi

Kama umesoma hadi hapa, basi mkono wako unawasha. Sikia ushauri wa mtu aliyechomeka tayari.

Tafuta gemu ambayo mlango wake uko wazi kwa ruhusa. Kuna 0 A.D., ambayo mwanzoni ilikuwa wazo la modi ya Age of Empires II, kisha ikawa gemu kamili inayojitegemea. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na mojawapo ya mataifa yake ni Kush, ile dola kongwe ya Sudan. Kuna Freedoom, ambayo imejengwa juu ya injini ya Doom iliyoachiliwa lakini picha na ramani zake zimeundwa upya na watu wa kujitolea, kwa hivyo huibii mtu. Na kama moyo wako uko barabarani, Bus Simulator Indonesia ya mwaka wa 2017 inakuruhusu kuingiza gari lako mwenyewe. Wasee wa hapa wameshaingiza manyanga kadhaa, na grafiti zao zote.

Usianze na dunia nzima. Anza na chumba kimoja, mlango mmoja, adui mmoja. Chumba kikikubali, ongeza kingine.

Soma masharti ya gemu kabla hujachora. Ndiyo, yanachosha. Lakini afadhali uchoke sasa kuliko kugundua kazi ya mwaka mzima ni ya mwingine. Na kama msingi si wako, usiuze.

Jihadhari na mafaili unayopakua. Tovuti zinazokuahidi modi ya bure zikikulazimisha uweke programu tatu za ajabu kwanza, hicho ni kirusi kimevaa jezi.

Andika majina ya waliokusaidia. Ukiazima picha ya mtu, mtaje. Kwenye ulimwengu huu hakuna mshahara, jina ndilo mshahara.

Na weka nakala. Moja kwenye flashi, moja mtandaoni, moja kwa rafiki. Hasa kwa rafiki. Mimi nimeokolewa na mtoto wa darasa la nane.

Gemu kongwe hazifi kwa sababu ya umri. Doom imepita miaka 30 na bado inachorewa ramani. Zinakufa mlango ukifungwa, ama ukiwa wazi na hakuna anayeingia. Huo wa kwanza hatuna uwezo nao. Huo wa pili ni sisi.

Almeida ameshapata gemu yake. Vita vya Kilwa vya Julai 1505, Pate, Lamu, Gedi kabla haijahamwa, Malindi ikishirikiana na Wareno, bado zinasubiri mtu wa kuzichora. Kihariri kiko pale kwenye ukurasa wa kwanza. Ukimaliza ramani yako, nitaicheza. Na nikiona pana nafasi, samahani mapema, nitakuongezea feri.